Roquefort: jibini la buluu, mapango yake, na namna ya kununua usijute

Kipande kizuri cha Roquefort hakiwi cheupe pe. Rangi yake ni ya pembe ya ndovu, uso wake unang'aa kidogo kwa unyevu, na ndani kimetobokatoboka vijishimo vilivyojaa kuvu: vingine vya kijani iliyokolea, vingine vya buluu ya wino. Ukikibonyeza kwa ncha ya kisu kinalegea polepole. Kikivunjika makombo makavu kama chaki, kilitolewa kabla ya wakati wake. Kikiteleza kama siagi iliyoachwa juani, kimepitiliza. Mdomoni chumvi ndiyo inatangulia, unafuata utamu wa maziwa ya kondoo, halafu ukali wa kuvu unapanda puani na kukaa. Ni jibini kali na lisilo na huruma kwa asiyelizoea. Lakini wengi wanaosema wanalichukia walilionja likiwa limetoka friji papo hapo, tena kipande cha ukingoni. Jibini hilohilo, likikatwa vizuri na kupumzishwa saa moja mezani, ni kitu kingine kabisa.

Linatoka mahali pamoja tu duniani. Roquefort-sur-Soulzon ni kijiji cha mkoa wa Aveyron, kusini mwa Ufaransa, kilomita kama 25 kutoka mji wa Millau. Wakazi wake hawafiki elfu moja. Kimejibana ubavuni mwa mlima Combalou, barabara kuu ikipita chini ya jabali, na majengo yake mengi yana sehemu kubwa zaidi chini ya ardhi kuliko juu: unaingia kwa mlango wa barabarani, kisha unashuka ghorofa baada ya ghorofa ndani ya mwamba.

Mlima wenyewe ndio mtambo. Zamani za kale sehemu ya jabali la chokaa iliteleza juu ya udongo wa mfinyanzi ulioloa, ikaporomoka, mawe yakarundikana ovyo na kuacha nyufa ndefu katikati yao. Nyufa hizo wenyeji huziita flerini. Upepo wa nje hupita humo, mwamba unaupoza na kuulowesha, na unapofika mapangoni una nyuzijoto kati ya 8 na 12 na unyevu wa asilimia 95 hivi, iwe ni kiangazi au katikati ya theluji. Ukiweka kiganja mbele ya ufa mmojawapo unausikia: pumzi baridi, ya polepole, isiyokatika. Fundi wa pango ana vijilango vya mbao kwenye nyufa hizo. Anavifungua na kuvifunga kulingana na hali ya hewa ya siku, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya ufundi wake. Ukanda wote wenye nyufa una urefu wa kilomita 2 na upana wa mita 300. Nje ya hapo, hata kondoo wawe walewale na mikono iwe ileile, kinachotoka hakiruhusiwi kuitwa Roquefort.

Haki hiyo imelindwa muda mrefu. Mwaka 1411 mfalme Charles VI aliwapa wanakijiji peke yao ruhusa ya kuivisha jibini hilo mapangoni mwao. Mwaka 1666 mahakama kuu ya Toulouse ikawakataza wengine kuuza jibini la bandia kwa jina hilo. Tarehe 26 Julai 1925 likapata sheria yake ya jina la asili, jibini la kwanza Ufaransa kupewa ulinzi huo, na mwaka 1961 mahakama ya Millau ikakata shauri kwamba njia ya kutengeneza inaweza kuigwa popote, lakini jina ni la kile kilichoivishwa katika mapango ya asili ya Combalou tu. Kwa hiyo ukiona bidhaa imeandikwa "aina ya Roquefort", jua aliyeiandika anakuuzia jina asilokuwa nalo.

Sasa maziwa. Yanatoka kwa kondoo wa aina ya Lacaune peke yao, wanaofugwa Aveyron na sehemu za mikoa ya jirani kama Lozère, Tarn na Hérault. Majani yakiwapo na hali ya hewa ikiruhusu, ni lazima watoke malishoni. Mfugaji hawezi kuwafungia zizini mwaka mzima. Maziwa hutumika mabichi, bila kuchemshwa na bila kutolewa mafuta, na lazima yagandishwe ndani ya saa 48 tangu kukamuliwa, kwenye joto la nyuzi 28 hadi 34. Gurudumu moja la jibini, la kilo 2.5 hadi 3, linakula lita 12 hivi za maziwa. Kwa ng'ombe ungehitaji zaidi ya hizo, maana maziwa ya kondoo yana mafuta karibu mara mbili. Ila kondoo mmoja hatoi ndoo, na hakamuliwi mwaka mzima: msimu wake ni kuanzia Desemba hadi Julai hivi. Hapo ndipo bei inapoanzia.

Kuvu lenyewe, Penicillium roqueforti, huchanganywa katika maziwa au hunyunyizwa kwenye mgando. Zamani lilivunwa kutoka kwenye mkate. Mikate mikubwa ya nafaka ya rai iliokwa kwa moto mkali hadi ganda likaungua na ndani kubaki kubichi, ikaachwa pangoni majuma kadhaa mpaka ukungu ukaila yote, kisha ikakaushwa na kusagwa unga wa buluu. Leo sehemu kubwa ya kuvu inakuzwa maabara, lakini nyumba chache za watengenezaji, Papillon ikiwa mojawapo, bado zinaoka mikate yao. Utofauti unaonekana kwenye kukata: mishipa huwa mizito na iliyokolea zaidi.

Mgando hukatwa vipande vidogo, huchujwa maji, hujazwa katika kalibu zenye matundu bila kukandamizwa, na kugeuzwa mara nyingi kwa siku. Kutokandamiza kuna sababu. Bakteria waliomo hutoa gesi inayoacha nafasi wazi ndani ya jibini, na nafasi hizo ndizo nyumba za kuvu baadaye. Kisha hupakwa chumvi kavu juu, chini na ubavuni. Chumvi inaingia kutoka nje kwenda ndani, polepole, na ndiyo maana ukingo wa Roquefort huwa na chumvi kuliko moyo wake hata baada ya miezi mitano. Mwisho, kabla tu ya kwenda pangoni, kila gurudumu huchomwa sindano ndefu zipatazo arobaini kwa mpigo. Kuvu hili linahitaji hewa. Bila matundu lingelala tu. Ukikuta kipande cheupe chenye vidoa viwili vitatu vya buluu, aghalabu mgando ulikuwa na maji mengi, matundu yakajiziba, hewa haikuingia.

Pangoni, magurudumu husimamishwa kwa ubavu juu ya mbao za mwaloni, moja lisigusane na jingine, yakiwa uchi. Hukaa hivyo siku 14 kwa uchache, mara nyingi zaidi ya hapo. Kisha hufungwa kwa foili ya bati ili kuvu lipunguziwe hewa lisile jibini lote, na kupelekwa kwenye vyumba vya baridi kuiva taratibu. Jumla, tangu siku ya kutengenezwa, lazima zipite siku 90. Zuri hasa huchukua miezi mitano au zaidi. Hili la vyumba vya baridi halitajwi sana kwenye matangazo, ambayo hupenda kuonyesha mapango tu, lakini mnunuzi anapaswa kulijua: pangoni ndiko kuvu na harufu yake hukua, na ule ulaini kama siagi unatokana na miezi ya utulivu ndani ya foili.

Kazi ya kufunga, kukwangua na kugeuza ilikuwa ya wanawake, walioitwa cabanières. Walishinda kwenye baridi na unyevu, viatu vya mbao miguuni, wakikwangua kila gurudumu kwa kisu. Picha zao za zamani utaziona kwenye ziara za mapango, na zinastahili kutazamwa kwa utulivu kuliko hadithi ya mchungaji aliyesahau mkate na jibini pangoni kwa sababu ya msichana, ambayo kila mwongozaji anaisimulia. Ile ni ngano. Hawa walikuwapo, na jibini lilipita mikononi mwao.

Kuhusu ziara zenyewe. Nyumba tatu zinazojulikana kwa kupokea wageni ni Société, Papillon na Gabriel Coulet. Ya Société ndiyo ndefu na iliyopangwa zaidi: kama saa moja, na onyesho la sauti na mwanga linaloeleza jinsi mlima ulivyoporomoka, kushuka mapangoni, kisha kuonja. Kwa anayefika mara ya kwanza ndiyo ya kuchagua, kwa sababu bila kuelewa lile poromoko huelewi chochote kingine. Za wengine ni fupi na tulivu, na kuonja kunafanyika karibu zaidi na muuzaji, kwa hiyo unaweza kuuliza maswali na kupewa kipande cha pili. Mwenye nusu siku afanye mbili.

Vaa sweta hata kama ni Julai na nje kuna nyuzi 33. Nyuzi 10 na unyevu ule vinapenya fulana ndani ya dakika tano. Viatu viwe vya kufunga na soli isiyoteleza, kwani sakafu inalia maji. Ngazi ni nyingi na nyembamba. Mwenye magoti mabovu au kigari cha mtoto atapata tabu. Fika asubuhi, maana katika vijiji vya sehemu hizo maduka mengi hufungwa saa sita mchana na kufunguliwa saa nane. Na ukiingia dukani, salimia kwanza. "Bonjour madame", "bonjour monsieur", ndipo useme shida yako. Msomaji aliyelelewa na Waswahili hatapata taabu: kule pia anayeanza kuuliza bei kabla ya salamu amejiharibia.

Kasoro kubwa ya ziara hizi ni ya msimu. Watalii humiminika Agosti, wakati kukamua kumekwisha na mbao za mapangoni zimeanza kubaki wazi. Unaonyeshwa pango zuri lisilo na kazi ndani yake. Atakaye kuona safu kwa safu za magurudumu meupe yakianza kuota manyoya ya kuvu aende kati ya Februari na Juni. Kasoro ya pili ni kwamba ziara zinaanzia pangoni kana kwamba jibini lilizaliwa humo. Kondoo hutajwa, hawaonekani.

Dawa yake ni kupanda uwanda wa Larzac, mwendo mfupi kwa gari. Hapo ndipo utaona jibini hili linatoka kwenye nchi gani: mawe, majani mafupi, upepo, na maji ya juu ya ardhi hayapo kabisa kwa sababu chokaa inayanywa yote. Katika kijiji cha La Couvertoirade, kilichojengwa na watawa wapiganaji wa Templar na kuzungushiwa ukuta na wale wa Hospitali waliowarithi, kuna lavogne ya kutazama kwa makini. Ni bwawa la mviringo lililosakafiwa kwa mawe yaliyopangwa kama magamba ya samaki, likishuka taratibu kuelekea katikati ili kondoo wanywe bila kuteleza wala kuchafua maji. Linajazwa na mvua peke yake. Uwanda huu ni sehemu ya mandhari ya Causses na Cévennes iliyoingizwa mwaka 2011 kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na sababu iliyoandikwa ni ufugaji. Wanaonunua Roquefort wanaulipia ufugaji huo bila kujua.

Wafugaji wa Larzac si watu wa kuburuzwa. Mwaka 1971 serikali ilitangaza kupanua kambi ya jeshi na kuchukua mashamba yao. Wafugaji 103 walikula kiapo cha kutouza ardhi, na Oktoba 1972 walipeleka kondoo 60 wakachunga chini ya mnara wa Eiffel. Mvutano ulidumu miaka kumi, hadi rais François Mitterrand alipoufuta mpango huo mwaka 1981. Mwaka 1999 Marekani ilipoweka ushuru wa asilimia 100 juu ya Roquefort, kujibu katazo la Ulaya dhidi ya nyama yenye homoni, wafugaji wakiwa na José Bové, mfugaji mwenzao na kiongozi wao, walikwenda Millau kubomoa mgahawa wa McDonald's uliokuwa ukijengwa. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane, lakini ukisimama Larzac mashamba yapo, na kondoo wapo.

Turudi dukani. Nyumba zinazotengeneza Roquefort ni saba: Société, Papillon, Gabriel Coulet, Carles, Vernières, Le Vieux Berger na Fromageries Occitanes. Société ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo utakayoikuta katika supamaketi nyingi nje ya Ufaransa. Ladha yake haibadilikibadiliki, chumvi iko mbele, ukali ni wa wastani. Gabriel Coulet ni laini, linayeyuka ulimini, na ndilo la kumpa mtu anayeanza. Papillon la foili nyeusi ni la kuvu nzito na mafuta mengi. Carles, nyumba ya familia, lina nguvu kuliko mengi na linabaki mdomoni muda mrefu. Kwa anayelijua jibini hili, hilo ndilo la kutafuta, hata kama itabidi kumwagizia muuzaji. Le Vieux Berger ni nyumba ndogo, kazi yake ni ya upole na chumvi ya kiasi, na kwa meza yenye watu wa ladha tofauti inafaa sana.

Bei Ufaransa huwa kati ya yuro 18 na 30 kwa kilo, kutegemea nyumba na umri. Kwenye kifurushi tafuta vitu viwili: muhuri mwekundu na njano wa AOP, yaani jina la asili linalolindwa, na alama ya kondoo mwekundu ya umoja wa Roquefort. Uangalifu unatakiwa hasa kwenye rafu ya pembeni, ambako huwa kuna jibini la buluu la maziwa ya kondoo, "bleu de brebis", lenye kifurushi cha kufanana. Hilo ni la maziwa yaliyopashwa moto kuua vijidudu, halina AOP, halikupita pangoni. Si sumu, na kwa sosi linatosha. Kosa ni kulilipia kwa bei ya Roquefort au kulihukumu Roquefort kwa ladha yake. Vivyo hivyo bisi, biskuti za chumvi na sosi za chupa zilizoandikwa jina hili: soma asilimia nyuma ya pakiti kabla hujaamini picha ya mbele.

Ukinunua kwenye kaunta, omba kuonja, kisha omba kipande kilichokatwa kutoka moyoni hadi ukingoni. Matone machache ya maji ya chumvi chini ya kipande ni kawaida. Dimbwi la mafuta ya njano maana yake kilipata joto. Ukingo wenye rangi ya kahawia au waridi na harufu inayochoma kama mkojo wa zizini ni jibini lililozeeka au lililotunzwa vibaya, protini zake zimevunjika kupita kiasi. Liache hapo hapo, hata likiwa nusu bei. Vipande vya mwisho wa mwaka huwa vizuri sana, kwa kuwa vinatokana na maziwa ya masika, kondoo walipokuwa wanakula majani mabichi, na vimepata miezi ya kuiva.

Wasomaji Waislamu wajue jambo moja ambalo kifurushi hakiliwekei herufi kubwa: kigandishi cha Roquefort kinatokana na tumbo la mnyama mchanga, na hakuna chochote kwenye lebo kinachothibitisha namna alivyochinjwa. Mafakihi wametofautiana kuhusu kigandishi, Mahanafi wakiwa na upana zaidi. Ni swali la kumpelekea sheikh wako kabla ya kununua. Asiyekula kitu chochote cha nyama naye aliache. Na kwa kuwa maziwa ni mabichi, mama mjamzito asilile, wala mtoto wa chini ya miaka mitano, wala mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka. Bakteria wa listeria ndio hofu kubwa, na kwa mimba hatari yake ni kweli. Wenye presha wahesabu chumvi: gramu 100 zina zaidi ya gramu 3.

Nyumbani, liache ndani ya foili yake, kisha foili ndani ya kopo lenye kifuniko, chini kabisa ya friji kwenye droo ya mboga. Nailoni ya kubana inalitoa jasho na kulichachusha. Lisipofungiwa kopo, vijimbegu vya kuvu vitahamia kwenye mkate na kwenye majibini mengine ndani ya siku chache. Likitunzwa hivyo linadumu majuma mawili hadi matatu baada ya kufunguliwa. Usiligandishe: linarudi likiwa makombo, maji upande na mafuta upande. Mwenye kutoka Ufaransa kwenda kuwatembelea ndugu Uingereza akumbuke kwamba tangu Aprili 2025 wasafiri wanaotoka nchi za Umoja wa Ulaya walikatazwa kuingiza jibini la matumizi yao wenyewe, hata lililofungwa dukani.

Kukata nako kuna adabu yake. Kipande cha pembetatu usikikate mikanda iliyolala sambamba, ukampa mmoja moyo wote na mwingine ukingo mtupu. Kilaze, weka kisu katikati ya ule upande mwembamba wa chini, kisha kata kama upepeo ulio wazi, kila mkato ukitoka nukta hiyohiyo. Kila mtu anapata chumvi ya nje na buluu ya ndani. Kisu kiwe chembamba, kilichochovywa katika maji ya moto na kufutwa. Wauzaji wenyewe hutumia waya, kwa sababu ubapa wa kisu hulipaka kuvu na kulichafua. Gramu 30 kwa mtu zinatosha. Litoe friji saa moja kabla ya kula; kwenye joto la Dar es Salaam au Maskati dakika ishirini zinatosha, zaidi ya hapo mafuta yanaanza kutoka.

Wenyeji hulila na mkate wa rai, siagi kidogo, pea lililoiva na jozi, zile kokwa zenye umbo la ubongo. Asali ya kiasi inakubali. Lakini kwa ulimi wetu hakuna kinachoshinda tende: itoe kokwa, jaza kipande cha ukubwa wa njegere, ifunge. Chagua tende laini, si ile kavu ya kutafuna, maana ile inashindana na jibini badala ya kulibeba.

Sosi ya nyama ya kuchoma: pasha mililita 200 za krimu kwa moto mdogo hadi itoe mvuke, zima, ponda gramu 100 za Roquefort humo, koroga, weka pilipili manga. Chumvi usiongeze hata punje. Wanaoliweka jibini kwenye krimu inayochemka ndio wanaolalamika kwamba sosi imekatika na imekuwa chungu. Moto ndio unaotenganisha mafuta yake.

Makombo yanayobaki kwenye foili, yale yaliyoshikana na chumvi yote ya ukingo, yachanganye na siagi isiyo na chumvi kwa uzito sawa, uyaponde kwa uma mpaka yawe rangi moja. Paka kwenye mkate uliookwa kwa mkaa ungali moto. Hata anayesema jibini hili linamshinda, hilo atalimaliza.